Ukulele si ukelele

Nimesikia tena redioni "ukelele", na wiki hiyo hiyo nikakuta tangazo la mtu anayeuza "ukelele wa kale wa Kireno". Makosa mawili katika maneno matano.

Ukulele ni ala ndogo ya nyuzi nne, yenye umbo la gitaa, iliyozaliwa Honolulu, Hawaii, katika miaka ya 1880. Maana yake haina zaidi ya hapo. Kinachosumbua ni jina.

Ukelele tunao wetu tangu zamani: ni yowe, sauti ya mtu aliyeshtuka au anayeomba msaada, na wingi wake ndizo kelele. Halina undugu wowote na ala hii. Najua kamusi za Kiingereza huruhusu mwandiko huo wenye e, lakini Kiingereza hakikuwa na ukelele wake wa kugongana nao. Sisi tunao.

Neno ukulele lenyewe ni la Kihawaii. Lele ni kuruka, au kuja kwa kuruka. Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye uku. Malkia Liliuokalani wa Hawaii alieleza kuwa ni zawadi, yaani zawadi iliyokuja hapa. Wengine husema ni kiroboto arukaye, ama kwa jinsi vidole vinavyorukaruka juu ya nyuzi, ama kwa sababu ya Edward Purvis, mtu mfupi na mwepesi wa kasri ya Mfalme Kalākaua, ambaye inasemekana alipachikwa jina hilo. Tafsiri ya malkia ni nzuri mno, na ningependa iwe ndiyo. Lakini Kihawaii kina konsonanti ya kooni, ule mkato mdogo wa pumzi, na neno lake la kiroboto huanza nayo ilhali lile la zawadi halianzi nayo. Jina la ala, likiandikwa kwa Kihawaii sanifu, huanza nayo. Kwa hiyo nafuata kiroboto. Na kwa kuwa u hiyo ni sehemu ya mzizi, si kiambishi cha ngeli kama ile ya ukuta na ufunguo, tuseme ukulele hii, ukulele hizi.

Sasa hicho "Kireno" cha kwenye tangazo. Agosti 1879 meli Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na mamia ya watu kutoka Madeira, kisiwa cha Ureno, waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo mafundi seremala watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Madeira walikuwa na ala yao ndogo ya nyuzi nne, machete, na nyingine ya nyuzi tano, rajão. Mkataba wa mashamba ulipokwisha, walifungua karakana mjini, wakachukua umbo la machete, wakalisetia sauti kwa mpangilio unaotokana na rajão, na mbao wakatumia koa, mti wa Hawaii. Nunes alijitangaza kuwa ndiye mvumbuzi. Kwangu mimi sifa hiyo ni ya wote watatu, pamoja na Wahawaii walioipokea ala, wakaipa jina na kuipigia nyimbo zao.

Ndiyo maana wakusanyaji huchungulia kwanza ndani ya tundu la ala, kutafuta kibandiko chenye jina la fundi. Kibandiko cha Dias au Santo ni adimu sana. Cha Nunes huonekana mara nyingi zaidi, maana aliishi hadi 1922 na wanawe walishika kazi. Baada ya maonyesho ya San Francisco ya 1915, viwanda vya Marekani bara vilianza kutoa ukulele kwa wingi. Martin, watengenezaji gitaa wa Marekani, walianza kuziuza mwaka uliofuata, na huko Honolulu Samuel Kamaka akafungua karakana yake mwaka huo huo wa 1916.

Kwa hiyo, ndugu muuzaji, kama chombo chako kilitengenezwa Madeira, una machete, na ni kitu cha thamani kwa jina lake hilo. Kama ni cha koa na kina kibandiko cha Honolulu, una ukulele. Chungulia ndani, kisha urekebishe tangazo.