Nilidhani spika imepasuka

Kazi yangu ni mitambo. Nimekaa nyuma ya mixa (meza ya kuchanganyia sauti) za bendi za dansi Dar es Salaam miaka mingi, na sikio langu limelelewa na magitaa masafi: solo linaimba juu, rithm linajaza katikati, besi inatembea chini, na kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi. Ukikulia kwa bendi kama Msondo na Sikinde, gitaa likianza kukwaruza hiyo si mbwembwe, ni hitilafu. Unainuka kwenye kiti, unakagua waya, unakagua jeki, unaigusa koni ya spika kwa kidole kuona kama imechanika.

Sasa nifikirie mimi Nairobi, kwenye ukumbi mdogo wa watu kama mia mbili, nimealikwa na fundi mwenzangu anayefanya kazi na bendi ya vijana wa rock. Sikuwahi kuiona bendi ya namna hiyo ikipiga mbele yangu. Kijana akashusha mkono kwenye nyuzi mara moja tu, ukumbi mzima ukajaa mngurumo kama lori linalopandisha mlima na gia namba moja. Niligeuka haraka kumtafuta mwenzangu nimwambie spika imepasuka. Yuko pale pale kwenye mixa, anakunywa soda.

Mkwaruzo ule hutengenezwa kwa makusudi. Mawimbi ya sauti ya gitaa safi yana migongo ya mviringo. Ukiilazimisha ampli, yaani mtambo unaokuza sauti ya gitaa, itoe kuliko uwezo wake, inakata vile vichwa vya juu na chini, na wimbi linabaki bapa kama mti uliopigwa panga. Pale lilipokatwa huzaliwa sauti nyingine za juu ambazo mpigaji hakuzigusa kabisa, ndiyo maana gitaa moja linasikika kama matatu. Tena kwa kuwa kilele kimekatwa, noti inapoanza kufifia husikii ikififia. Inaning'inia. Kwenye dansi noti ya solo inapigwa na kufa, inafuata nyingine, na ndiyo raha ya sebene. Hawa jamaa wanaweza kuishika noti moja mpaka uende kununua maji urudi.

Kuna gharama yake. Ukipiga kodi yenye noti nne au tano kwa pamoja (nasema kodi za gitaa, si za TRA) ndani ya mkwaruzo mkali, unapata uji. Kila noti inazaa vitoto vyake, na vitoto vinapigana. Kwa hiyo wapiga rock wengi hushika noti mbili tu, ile ya msingi na ya tano yake ukihesabu kwenda juu, na ghafla mngurumo unakaa sawa. Nilipoliona hilo kwa macho, vidole viwili vikipanda na kushuka shingo ya gitaa, nilielewa jambo ambalo kaseti hazikuwahi kunieleza. Nilikuwa nikidhani hawajui kodi.

Halafu sauti yenyewe, ukubwa wake. Huko Uingereza sehemu kubwa ya mambo haya ilitoka kwenye duka la vyombo vya muziki la Jim Marshall, London, aliyetengeneza ampli yake ya kwanza mwaka 1962. Mwaka 1965 Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi ya The Who, alimtaka amjengee boksi moja lenye spika nane za inchi 12. Likajengwa. Wabebaji wa vyombo wakalalamika kwamba linawavunja mgongo, basi likakatwa mawili, spika nne juu, nne chini. Ule mnara unaouona nyuma ya kila mpiga gitaa wa rock asili yake ni malalamiko ya watu waliobeba mizigo. Wanaobeba maboksi yetu wangefurahi kusikia hivyo.

Mwaka huo huo, Agosti 15, The Beatles walipiga kwenye uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000, wakiwa na ampli za wati 100 na spika za matangazo za uwanjani kwa ajili ya kuimba. Hawakuwa na hata spika za kujisikilizia jukwaani. Leo harusi ya Sinza ina mitambo mikubwa kuliko ile.

(Najua mtu ataniletea habari za Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya rock ya Queen, kuzaliwa Unguja mwaka 1946. Sawa, kazaliwa. Kwa gitaa la mkwaruzo lililo karibu nasi zaidi, tafuta bendi ya WITCH ya Zambia, miaka ya 1970.)

Turudi ukumbini. Katika ukumbi mdogo fundi hana mamlaka unayodhani anayo. Mixa ina vifungo vya kupandisha kila kitu, ila haina cha kumwambia mpiga drams apunguze nguvu. Drams za rock hupigwa kwa mkono mzima, na snea (ile ngoma ndogo yenye mlio mkali) peke yake, bila maiki, inatosha kujaza chumba. Ampli ya gitaa nayo iko jukwaani inatoa sauti yake yenyewe. Fundi anabaki na kazi ya kumpandisha mwimbaji juu ya vitu hivyo viwili, na akipandisha sana maiki inaanza kupiga mluzi, kwa sababu spika inamrudishia maiki sauti yake na maiki inairudisha kwa spika. Ukienda mara ya kwanza ukashindwa kusikia maneno ya nyimbo, usimlaumu mwimbaji kabla hujamwangalia mpiga drams.

Mwenzangu alinionyesha ujanja mmoja ambao tangu siku ile nautumia. Spika ya gitaa hurusha makali yake, yaani sauti za juu, mbele moja kwa moja, kama tochi. Ampli ikikaa sakafuni, makali yanapita magotini mwa mpigaji na kwenda kuwanyoa walio mstari wa mbele. Yeye anasikia mngurumo mzito tu, anadhani hasikiki, anaongeza. Mwenzangu akachukua kreti tupu la bia, akaliweka chini ya ampli, akailaza kinyumenyume mpaka ikamwangalia kijana usoni. Kijana akapiga mara moja, akakunja uso, akapunguza mwenyewe. Hakuna aliyemwambia kitu.

Ndiyo maana swali la kusimama wapi lina uzito. Ukisimama mbele ya ampli unasikia gitaa la mtu mmoja na meno yako. Ukiegemea ukuta au kona, besi inavimba kupita kiasi. Uzi mnene wa gitaa la besi unatoa mitetemo 41 hivi kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita nane, kwa hiyo katika chumba kidogo linagonga ukuta, linarudi na kujijazia sehemu fulani huku likijifuta sehemu nyingine. Hatua nne tu zilitosha kuniondoa kwenye besi inayopiga kifuani hadi mahali ambapo ilikuwa kama imezimwa. Mahali pa uhakika ni jirani na fundi. Yeye anapanga sauti kwa masikio yake, kutoka pale alipo.

Mimi, mtu wa kuwahubiria wengine, sikuwa na vizibo vya masikio. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kwa kumbi za muziki ni wastani usiozidi desibeli 100 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ukipimwa kwa dakika 15. Kwa hesabu za watu wa usalama kazini, desibeli 85 unaweza kukaa nazo saa nane, na kila zikiongezeka tatu muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na robo saa. Sisi tulikaa saa mbili na ushee, nami nilisimama mbele kabisa nusu ya muda huo, kifua kinapigwa na ngoma kubwa ya drams hadi shati linatikisika.

Asubuhi nilipanda basi la kurudi nyumbani. Kuna mlio mwembamba sikioni, niiii, hauishi, na konda akinisemesha namwona midomo tu. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vinavyopokea sauti, na vikipigwa sana huchoka, usikivu unashuka kwa saa kadhaa. Mara nyingi hurudi. Vikifa havioti tena. Namanga mlio upo. Arusha upo. Tulipofika Same nikasikia mtoto wa kiti cha nyuma anamuuliza bibi yake kama tumekaribia, nikajua umekata.