Mmea mwenyeji: maana yake na mipaka yake

Katika elimu ya wadudu, mmea mwenyeji ni ule ambao mdudu huutegemea ili kukamilisha maisha yake, hasa ule anaoutagia mayai na ambao watoto wake huula mpaka wakue. Maana hii ni finyu kuliko wengi wanavyodhani. Kipepeo anaweza kutua kwenye maua ya aina nyingi kwa siku moja akifyonza nektari, na bado usiwepo kati ya hiyo mimea hata mmoja ulio mwenyeji wake, kwa kuwa viwavi wake hawawezi kuishi juu ya majani yake. Ndiyo maana bustani iliyojaa maua huweza kuwalisha vipepeo wapitao bila kukuza hata kiwavi mmoja.

Neno lenyewe linapotosha kidogo. Kwa kawaida mwenyeji humpokea mgeni kwa hiari, ilhali mmea haukumwalika mdudu. Mara nyingi umejikinga naye kwa miiba, kwa utomvu unaonata na, zaidi ya yote, kwa kemikali. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mimea ya jamii ya kabichi na haradali hutengeneza kemikali kali zinazowafukuza wadudu wengi, lakini kwa kiwavi wa kipepeo mweupe wa kabichi ukali huohuo ndio dalili ya chakula. Mwaka 1910 mtaalamu wa mimea E. Verschaffelt wa Amsterdam alionyesha kwamba viwavi hao hula hata majani ambayo kwa kawaida huyakataa, mradi yamepakwa kemikali hizo. Viwavi wa kipepeo Danaus plexippus wamekwenda mbali zaidi: hula mimea ya jenasi (kundi la spishi za karibu) Asclepias, yenye sumu inayovuruga moyo wa wanyama wengi, lakini wao haiwadhuru, nao huihifadhi mwilini hadi ukubwani, hata ndege akiwala huwatapika.

Kujirekebisha kwa sumu ya aina moja kuna gharama yake, kwani mdudu aliyeumudu mmea mmoja mara nyingi hushindwa na mingine. Kwa hiyo utegemezi una viwango. Nzige wa jangwani hula mimea ya jamii nyingi mno. Viwavi wa kabichi hubaki ndani ya jamii chache zenye kemikali zinazofanana. Kiwavi wa hariri hutegemea majani ya mforsadi karibu peke yake.

Je, mmea hupata chochote? Mara nyingi hupata hasara tu, ila mikuyu na mitini ni habari nyingine. Kile tunachokiita tunda la miti hiyo ni mfuko wenye maua madogo yaliyogeukia ndani. Nyigu jike mdogo hujipenyeza kupitia tundu jembamba, mara nyingi akipoteza mbawa zake njiani, kisha huchavusha maua, hutaga katika baadhi yake na kufia humo. Watoto hukulia ndani ya maua yaliyotagiwa; madume, ambayo hayana mbawa, hupanda majike na kutoboa njia, na majike huondoka na chavua kutafuta mti mwingine. Mti hupoteza sehemu ya mbegu zake na kuchavushiwa zilizobaki, na wala hauna mchavushaji mwingine. Sioni urafiki hapo, naona malipo.

Mipaka ya dhana hii huonekana vizuri zaidi pale binadamu anapoitumia. Mpungate, mmea wa miiba wa jamii ya dungusi uliopelekwa Australia kutoka Amerika, ulifunika mamilioni ya hekta, hadi mwaka 1925 yalipoletwa kutoka Argentina mayai ya nondo Cactoblastis cactorum, ambaye viwavi wake hula mpungate kutoka ndani. Kabla ya kuwaachia, watafiti walihakikisha kwamba viwavi hao hawageukii mazao, na katika miaka michache sehemu kubwa ya mpungate ilikuwa imeoza. Lakini mwenyeji wa nondo huyo si spishi moja, bali ni spishi nyingi za Opuntia, jenasi ya mipungate. Kwa Australia, isiyo na mpungate wa asili, hilo halikuwa tatizo. Alipogunduliwa Florida mwaka 1989, alikuta mipungate ambayo ni ya asili ya huko, akaanza kuila vilevile.