Subaru iliyoongezwa nguvu haipaswi kutetemeka ikisimama

Wiki haipiti hapa gereji Mbeya bila kijana kuniletea Subaru ya turbo yenye ekzosti kubwa na valvu ya kupuliza (inayotoa nje hewa ya turbo ukiachia mafuta), injini inatikisa mpaka kioo cha pembeni kinacheza, halafu ananiambia: "Fundi, hiyo achana nayo. Gari ikishaongezwa nguvu, silensa lazima iwe hivyo." Silensa ni injini kunguruma gari ikiwa imesimama, bila kukanyaga mafuta.

Si lazima. Maneno haya nimeyachoka kuliko mengine yote, kwa sababu yanamfanya mtu aendeshe na hitilafu akiamini ni sifa.

Yana chembe ya ukweli, ndiyo maana hayafi. Ukifunga kamshafti za mbio, valvu za kuingiza na za kutoa hukaa wazi pamoja kwa muda mrefu zaidi, moshi unachanganyika na hewa mpya, na kwenye mzunguko mdogo injini inadunda. Sawa. Sasa muulize huyo kijana kama amebadilisha kamshafti. Karibu kila mara jibu ni hapana. Ameweka ekzosti, eya klina ya wazi, valvu na busti kidogo (hewa ya turbo imeongezewa msukumo). Hakuna hata kimoja hapo ambacho kikifungwa sawasawa kitatikisa gari iliyosimama, maana kwenye silensa turbo bado haijaanza kusukuma.

Wengine wanajitetea kwa mngurumo wa Subaru. Mngurumo wa injini za Subaru za EJ20 za zamani unatokana na mabomba ya ekzosti ya mbele kuwa na urefu usiolingana, hivyo mapigo ya moshi yanafika kwa nafasi zisizo sawa. Lakini nafasi hizo hujirudia zilezile. Misi, yaani silinda kukosa kuwaka, haina mpangilio: kinga kiganja nyuma ya ekzosti, utaisikia pumzi ikikatika ghafla, mara hapa, mara pale.

Mimi huanza na hewa. Plagi baadaye. Subaru hizi nyingi zina sensa ya eyaflo inayopima hewa inayoingia, na kontrolo boksi, kompyuta ya injini, inapanga mafuta kufuata hewa iliyopita pale. Hewa ikiingilia baada ya sensa, haijahesabiwa, na mafuta yanakuwa machache kuliko hewa. Mshukiwa wangu wa kwanza ni ile valvu inayopuliza nje. Kwenye silensa menifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, inavuta, na mvuto huo unaifikia valvu kupitia kimpira chake. Springi ikiwa laini, valvu inaachia kidogo na kunyonya hewa ya nje. Ya kiwandani hata ikiachia inarudisha hewa ileile iliyokwisha kupimwa, kwa hiyo haivurugi hesabu. Ushauri wangu, nao nitaurudia mpaka nistaafu: rudishia valvu ya kiwandani kwa siku moja. Silensa ikitulia umepata jibu bila kununua chochote. Ndiyo sababu nawasihi msiuze vifaa mlivyovua.

Isipotulia, soma fueli trimu, yaani kiasi cha mafuta ambacho kontrolo boksi inaongeza au kupunguza, kwenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Kama kwenye silensa inaongeza mafuta kwa asilimia 20, lakini ukipandisha hadi mizunguko 2,500 inashuka karibu na sifuri, kuna tundu. Tundu hilo ni kubwa mbele ya hewa kidogo ya silensa, na si kitu mbele ya hewa nyingi. Puliza moshi kwenye njia ya hewa, utauona unapotokea. Trimu ikibaki juu kotekote, kagua eyaflo na pampu ya mafuta. Eya klina za pamba zikipakwa oili kupita kiasi, waya wa sensa unashika oili na vumbi, kipimo kinapotoka. Pampu iliyochoka nayo usiivumilie: silensa inalalamika leo, pistoni italipa siku utakapopandisha mlima Kitonga kwa busti.

Visingizio vingine ninavyosikia ni hivi. "Ni mwinuko wa Mbeya." Mji uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 18 ukilinganisha na Dar es Salaam. Kabureta ingehitaji kurekebishwa kweli. Injini ya EFI, inayopuliziwa mafuta kwa kompyuta, inapima hewa inayoipata na kupunguza mafuta yenyewe. Mwinuko unampotosha zaidi fundi: kitabu kinasema geji ya vakyumu (inayopima mvuto wa menifoldi) isome inchi 18 hadi 22 injini ikiwa na afya, lakini hapa itasoma pungufu kama inchi 5 au 6. Asiyejua hilo anafungua injini isiyo na kosa. Kinachosumbua huku ni baridi. Asubuhi za Juni na Julai mipira iliyokakamaa inasinyaa, gasketi ya menifoldi inapitisha hewa, halafu injini ikipata moto panaziba na gari inatulia.

"Badilisha plagi kwanza." Plagi za baridi, zinazopoa haraka, zinazosifiwa kwa mbio hushika masizi kwenye foleni za Mwanjelwa. Kwa busti ndogo, tumia daraja la kiwandani. Ukitafuta silinda yenye misi, chomoa soketi za nozeli moja moja. Ambayo haibadilishi mtetemo ndiyo hiyo. Usichomoe koili, maana petroli isiyoungua inakwenda kuharibu katalisti, kichujio cha moshi kwenye ekzosti.

"Mashine haijaonesha kosa." Gari nyingi za soko la Japani za miaka ya 1990 hazihesabu misi kabisa. Kutokuwa na kodi ya kosa kwenye mashine hakuthibitishi kitu.

"Nimeweka dawa ya okteni." Okteni inazuia injini kugonga ikiwa na mzigo. Kwenye silensa hakuna mzigo.

Ukija kwangu, usije na injini ya moto. Acha gari gereji jioni, ilale. Nitaiwasha mwenyewe saa 12 asubuhi, tundu likiwa bado wazi.