Timu kubeba utambulisho wa jamii ndogo, maana yake nini hasa?

Ukikaa kibanda umiza chochote hapa Dodoma, iwe Majengo au Chang'ombe, hukosi mtu wa kusema mpira ni mpira tu, siasa na ukabila havihusiani. Kwa hapa kwetu namwelewa kabisa. Siku Dodoma Jiji anacheza na Simba au Yanga pale Jamhuri, jukwaa linajaa nyekundu au kijani na humo ndani kuna Mgogo, Mrangi, Msukuma, Mchaga, wote wanashangilia kitu kimoja, hakuna anayeuliza kabila la mwenzake. Lakini kuna nchi hali sio hiyo, na huko ndo dhana hii inapozaliwa.

Tunaposema timu imebeba utambulisho wa jamii ndogo, maana yake ni kwamba watu walio wachache kwenye nchi, ambao kwenye ardhi, kazi na serikali wanajiona wamewekwa pembeni, wanaifanya timu yao kuwa ushahidi kwamba na wao wapo na wanaweza. Uwanjani sheria ni moja kwa wote, goli ni goli, refa hakuulizi umezaliwa nyumba gani. Hizo dakika 90 mtu anapata usawa ambao nje ya geti haupo, ndo maana ushindi una uzito kuliko kombe lenyewe.

Mfano unaonigusa zaidi ni Bnei Sakhnin ya Israel. Sakhnin ni mji wa Waarabu huko Galilaya, na Waarabu ni kama mtu mmoja kati ya watano wa raia wa Israel, yaani raia kabisa wenye pasipoti ya nchi hiyo ila nchi yenyewe inajitambulisha kuwa ya Wayahudi. Mji huo una kidonda chake, mwezi Machi 1976 watu waligoma kupinga serikali kuchukua ardhi zao, wakauawa 6, baadhi yao ni wa Sakhnin hapohapo. Sasa 2004 timu ya mji huo mdogo, ambayo hata uwanja wa maana ilikuwa haina, ikaipiga Hapoel Haifa 4-1 fainali ikabeba Kombe la Taifa, klabu ya kwanza ya Waarabu kufanya hivyo, ikaenda zake Kombe la UEFA kukutana na Newcastle. Walifungwa nje ndani, lakini nani alijali.

Nahodha wao Abbas Suan naye akachezea timu ya taifa ya Israel. Tarehe 26 Machi 2005, Israel iko nyuma 1-0 dhidi ya Ireland, dakika ya 90 jamaa akapiga shuti kutoka mbali, wavu, 1-1. Siku nne baadae Mwarabu mwingine, Walid Badir, akaisawazishia Israel dhidi ya Ufaransa. Nchi nzima ikawaimba! Hebu fikiria, kabla ya mechi Suan huyohuyo amesimama kimya wakati wimbo wa taifa unapigwa kwa sababu maneno yake yanataja roho ya Myahudi, ataimbaje? Na haikuchukua muda mashabiki wa Beitar Jerusalem, klabu nyingine ya Israel, wakamtundikia Suan bango kumwambia yeye si mwakilishi wao.

Hapo ndo kiini cha dhana kilipo, na watu wengi wanaruka hapa. Mpira unamfungulia mlango mtu wa jamii ndogo, ila mlango una masharti. Akifunga ni mwenzetu, akikosa au akisema jambo la kwao anageuka mgeni tena. Mimi kwa maoni yangu huo sio usawa, ni ukarimu wa muda, na raia hatakiwi kuishi kwa ukarimu. Hao hao Beitar 2013 walisajili Waislamu wawili kutoka Chechnya, mmoja alipofunga goli baadhi ya mashabiki wa timu yake mwenyewe wakanyanyuka wakatoka uwanjani. Inauma sana.

Kwa jirani Kenya unaiona sura nyingine, Gor Mahia ya Wajaluo na AFC Leopards ya Waluhya, klabu zilizowapa watu waliohamia Nairobi sehemu ya kukutana na kuongea lugha ya nyumbani. Hao si wachache kwa maana ileile, lakini jukwaa linafanya kazi ileile.

Ila tusichanganye, timu ya jamii ndogo sio lazima iwe timu ya kujitenga. Ile Sakhnin ya 2004 kocha wake, Eyal Lachman, alikuwa Myahudi, na kikosi kilikuwa na Waarabu, Wayahudi na wageni humohumo. Linganisha na Athletic Bilbao ya Wabasque, jamii ndogo kule Hispania, ambao wanachukua tu wachezaji wa asili ya huko au waliolelewa kimpira huko. Bilbao utambulisho umewekwa kwenye usajili, Sakhnin umewekwa jukwaani na kwenye jina la mji.