Je, wajua kwa nini makala inayouzwa na jarida husomwa bure kwenye maktaba ya chuo kikuu?

Unatafuta makala ya kitaaluma mtandaoni. Tovuti ya jarida inakuonyesha ikisiri, kisha inadai malipo kabla ya kufungua kurasa nyingine. Unatafuta tena kwa kichwa kilekile, na chini kidogo unaikuta makala hiyohiyo, nzima, bure, kwenye hifadhi ya kidijitali ya maktaba ya chuo kikuu. Wengi wakifika hapo hushuku: ama imeibwa, ama ni rasimu isiyoaminika.

Haikuibwa, na kwa kawaida si rasimu. Shaka ya wizi hutokana na kuipima makala ya utafiti kwa kipimo cha riwaya, ambayo mwandishi wake hupata mrabaha kila nakala inapouzwa. Majarida ya utafiti hayaendi hivyo. Mwandishi kwa kawaida halipwi chochote, na wahakiki wanaoikosoa kazi yake kabla haijachapishwa hujitolea. Mishahara yao hutoka vyuoni na kwa wafadhili. Kisha vyuo hivyohivyo, kupitia maktaba zao, hulipa ada kila mwaka ili wahadhiri wasome walichoandika wenzao, na wakati mwingine walichoandika wao wenyewe. Anayesoma nakala ya bure hamnyimi mwandishi hata senti. Huyo ndiye msomaji aliyekuwa akitafutwa.

Historia ya hifadhi hizi ni fupi. Tamko la Budapest la mwaka 2002 liliupa ufikiaji huria, yaani yeyote kusoma makala za utafiti mtandaoni bila malipo, maana inayotumika hadi leo, na mwaka huohuo maktaba za MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard zikatoa DSpace, programu inayoendesha hifadhi nyingi za vyuo.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa hakimiliki, ambayo mara nyingi mwandishi humkabidhi mchapishaji kwa saini makala inapokubaliwa. Februari 12, 2008, Kitivo cha Sanaa na Sayansi cha Chuo Kikuu cha Harvard kilipitisha hoja iliyowasilishwa na Stuart Shieber, profesa wa sayansi ya kompyuta: kila mhadhiri anakipa chuo leseni isiyo ya kipekee, yaani isiyowazuia wengine kupewa haki hiyohiyo, ya kusambaza makala zake za kitaaluma. Nguvu yote ya hoja hiyo imo katika kutangulia. Mwenye shamba akimwandikishia jirani haki ya njia, halafu baadaye akaliuza shamba, mnunuzi analichukua pamoja na njia yake. Jirani haruhusiwi kuvuna hata suke moja, lakini hazuiwi kupita. Mchapishaji ndiye mnunuzi, chuo ndicho jirani, nasi wasomaji tunapita nyuma yake. Mhadhiri asiyetaka njia ipite katika makala fulani huomba aondolewe, na hukubaliwa.

Vyuo vingi havina sera ya namna hiyo. Huko maktaba hutegemea ruhusa ambayo wachapishaji wengi huitoa wenyewe, kwa masharti: iwekwe nakala ya mwandishi iliyokwisha kuhakikiwa na kukubaliwa, wala si ile iliyopangwa kurasa na jarida, na mara nyingi isifunguliwe hadi ipite miezi sita, kumi na miwili au zaidi. Ndiyo maana faili la maktaba huonekana kama kazi ya mwanafunzi: mistari imeachana, majedwali yamerundikwa mwishoni, nembo ya jarida haipo, na mbele kuna ukurasa ulioongezwa na maktaba wenye maelezo ya chapisho rasmi. Matokeo ya utafiti ni yaleyale, ingawa marekebisho ya mwisho ya mhariri yanaweza kukosekana, kwa hiyo ukinukuu namba za kurasa angalia chapisho rasmi. Nyuma ya faili hilo yupo mkutubi aliyesoma masharti ya jarida na kuweka tarehe ya kulifungua, na pengine aliyemrudisha mwandishi akatafute nakala sahihi, kwa sababu kipenzi cha waandishi ni kuleta ile yenye nembo.

Husemwa pia kwamba makala zilizo wazi hunukuliwa zaidi. Tafiti nyingi zimeona hivyo, ila sababu haijitengi kwa urahisi: huenda watafiti huziweka wazi kazi zao bora, ambazo zingenukuliwa vyovyote vile.

Na yapo majarida ambayo hayana nakala huria popote. Hata hapo maktaba ina mlango mwingine, na huu ni wa mbao. Mikataba mingi ya usajili ina kifungu cha wageni: mtu yeyote aliyeruhusiwa kuingia maktabani anaweza kusoma kwenye kompyuta za humo, kwa kuwa mara nyingi mfumo wa jarida hutambua anwani ya mtandao ya maktaba, haumtambui aliyeketi. Matokeo yake, mpita njia aliye ndani husoma kile ambacho mhitimu wa chuo hichohicho, akiwa nyumbani, anadaiwa pesa. Kila maktaba ina utaratibu wake wa kupokea watu wa nje, kwa hiyo uliza mezani kama wana kompyuta ya wageni.