Ndege wa Uani Baada ya Mvua Kubwa

Katika kazi yangu ya kuchunguza tabia za ndege, muda ninaouthamini kuliko wote ni ile saa moja inayofuata mvua kubwa, kwa sababu ndipo haja mbili za ndege, kukauka na kula, hushindania dakika zilezile. Joto la mwili wa ndege wengi wadogo huwa kati ya nyuzi 40 na 42 za Selsiasi, na ndege aliyekatizwa kula na mvua hana akiba kubwa ya kulilinda. Manyoya yakiloa, hewa iliyonaswa katikati yake, ambayo ndiyo blanketi lake, hupungua.

Kwa hiyo tazama kwanza matawi yaliyo wazi. Shore na shomoro hujikung'uta, hutanua mabawa, kisha huupitisha mdomoni unyoya mmoja baada ya mwingine. Kila unyoya umefumwa kwa nyuzi ndogo mno zenye kulabu zinazoshikana. Dhoruba huziachanisha, na mdomo huzifunga upya. Watu wengi husema kwamba kinachozuia maji ni mafuta ya tezi iliyo kwenye shina la mkia, lakini kazi kubwa hufanywa na mfumo huo wenyewe, huku mafuta yakisaidia kuuhifadhi usikauke na kukatika. Njiwa ana namna yake: hutegemea zaidi unga laini unaotokana na manyoya yake, na mvua ikiwa bado ya rasharasha unaweza kumwona ameegemea upande mmoja na kuinua bawa ili aoge.

Mwenye njaa zaidi hasubiri kukauka, na ardhini chakula ni tele, maana nyungunyungu hutoka juu udongo unapolowa, konokono hutambaa peupe, na pale penye mchwa huenda kumbikumbi wakaanza kuruka. Hapo hata shomoro, ambaye tumezoea kumwita mla mbegu, hugeuka mwindaji, ilhali mbayuwayu huwadaka kumbikumbi hewani. Mbayuwayu hao wakitua kando ya dimbwi, angalia midomo yao: mara nyingi wanachota tope la kujengea viota. (Darubini ni nzuri, ila uani macho matupu na kiti kisichohamishwa vinatosha.)

Jambo moja linahitaji uangalifu. Dhoruba huangusha viota, na ukikuta kinda asiye na manyoya chini, mrudishe kiotani ikiwa unakifikia. Harufu ya mkono wako haiwafanyi wazazi wamtelekeze, ingawa imani hiyo imeenea sana. Kinda aliyekwisha kuota manyoya na anayerukaruka ni habari nyingine: huyo anajifunza kuruka, na wazazi wake huendelea kumlisha palepale chini. Mfungie paka ndani, rudi nyuma hatua kadhaa, nao watakuja na chakula mdomoni.