Kwa nini mwenye baridi yabisi huogopa kujongea hata maumivu yakitulia?

Daladala ya Mbagala saa moja asubuhi haimsubiri mtu. Gari linaondoka abiria wa mwisho hajashika bomba vizuri, na kwa mwenye baridi yabisi ya vifundo vya mikono, breki moja ya ghafla inatosha kuamsha maumivu ya siku nzima. Yakishampata hayo, kesho yake anangoja gari tupu. Baadaye anamwagiza mtu sokoni. Miezi ikipita hatoki kabisa, ingawa dawa zimeshashika na viungo vimenywea.

Wataalamu huiita hali hii kinesiofobia: hofu ya kujongea, inayotokana na imani kwamba mjongeo utaumiza au kuharibu kiungo. Jina lilianza kutumika mwaka 1990 huko Marekani, na hofu hiyo hupimwa kwa dodoso la kauli 17 linaloitwa kipimo cha Tampa. Alama zake ni kuanzia 17 hadi 68, na kwa kawaida zikizidi 37 hofu huhesabiwa kuwa kubwa.

Hofu hiyo haizuki hivi hivi. Baridi yabisi si uchakavu wa uzee, wala haisababishwi na kulala kwenye sakafu ya baridi. Ni kinga ya mwili inayogeuka na kushambulia utando laini ulio ndani ya viungo, ukavimba na, usipotibiwa, ukala gegedu (ule utando mgumu laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) na mfupa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi nao, na takriban asilimia 70 yao ni wanawake. Mtu aliyeamka asubuhi vidole vikiwa vimekaza kwa saa nzima, akashindwa hata kufunga kitenge, ana sababu ya kuuogopa mwili wake.

Tatizo ni kwamba ubongo hujifunza haraka na husahau polepole. Ukishaunganisha kusonga ugali na maumivu, siku nyingine kuushika mwiko tu kunatosha: misuli inakaza kabla kazi haijaanza, na kule kukaza kwenyewe kunauma. Mgonjwa anapata ushahidi kwamba alikuwa sahihi kuogopa.

Halafu inakuja huruma ya nyumbani, na nadhani hapa ndipo tunapokosea zaidi. "Mama, acha, nazi nitakuna mimi." "Bibi, kaa tu, maji tutachota." Yanasemwa kwa mapenzi ya kweli, lakini kila yanaposemwa mgonjwa anasikia jambo jingine: kwamba akigusa ataharibika. Hata tiba ilichangia. Kwa miongo mingi ya karne iliyopita madaktari waliwalaza wagonjwa hawa kitandani kwa wiki nyingi, viungo vikiwa vimefungwa visitikisike.

Leo inajulikana kwamba kupumzika kupita kiasi kuna gharama. Gegedu haina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, unaoingia na kutoka kiungo kinapobanwa na kuachiwa, kama sponji kwenye maji. Misuli nayo, ambayo ugonjwa wenyewe tayari unaipunguza, hupungua zaidi isipotumika. Paja likidhoofika, goti linabeba mzigo vibaya, na siku mtu akijaribu kupanda ngazi anaumia kuliko mwanzo.

Je, mazoezi hayachochei ugonjwa? Watafiti wa Uholanzi waliwafuatilia wagonjwa wapatao 300 kwa miaka miwili, nusu yao wakifanya mazoezi mazito mara mbili kwa wiki. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2003 yalionyesha kuwa waliofanya mazoezi waliweza shughuli zao vizuri zaidi, na ugonjwa haukuongezeka makali. Tahadhari ilibaki kwa wale ambao viungo vyao vikubwa vilikuwa vimeshaharibika sana.

Kumwambia mtu "usiogope" hakusaidii. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, humuuliza mgonjwa anaogopa kitendo gani hasa, kisha wanavipanga kuanzia kinachotisha kidogo: kukamua kitambaa, kukamua kanga, kubeba ndoo ndogo, hadi kushika bomba la daladala. Wanaanza chini. Kila kitendo kinapopita bila janga lililotarajiwa, ubongo unapunguza tahadhari. Kipimo chepesi ni hiki: maumivu yakizidi ya kabla ya zoezi na kuendelea hivyo zaidi ya saa mbili, safari ijayo punguza, lakini usiache. Sisi wa Dar tuna bahari ya uvuguvugu bure. Kutembea ndani ya maji yanayofika kifuani, pale Coco Beach kukiwa kumetulia na ukiwa na mwenzako, kunaondoa sehemu kubwa ya uzito kwenye magoti.

Nyumbani nako, badala ya kumnyang'anya mama mbuzi ya nazi, kaeni mkune kwa zamu, aache anapochoka.

Hakuna zoezi linalochukua nafasi ya dawa. Methotreksati, kwa mfano, huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, na kuiacha katikati kunarudisha moto ule ule. Kiungo kikiwa kimevimba na kina joto, kisibebeshwe mzigo. Kikunjwe na kunyooshwa taratibu tu. Na anayeumwa shingo huku mikono au miguu ikifa ganzi au kuishiwa nguvu asifanye zoezi lolote la shingo kabla ya kuonana na daktari, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kulegeza mifupa ya juu ya shingo ikaukandamiza uti wa mgongo.